Hati kuukuu nilizorithi zinaharibika: nianzie wapi kuzihifadhi nyumbani?

Mrithi wa Makasha

Habari zenu, ndugu wapenzi wa nyaraka za zamani. Marehemu mjomba wangu alikusanya karatasi kuukuu kwa zaidi ya miaka 30, na baada ya msiba nimeachiwa makasha manne ambayo hakuna mwingine katika familia aliyeyataka. Ndani yake nimekuta barua zilizoandikwa kwa wino ambao sasa ni wa kahawia, hati za hisa za makampuni yaliyokufa zamani, magazeti yaliyokunjwa mara nne, bahasha nyingi zenye stempu na mihuri ya posta, ramani mbili kubwa zilizoviringishwa, na mchoro mmoja wa jengo wenye mistari myeupe juu ya buluu.

Mjomba alivipenda vitu hivi, lakini naona hakuwa na utaratibu wa kuvitunza. Hati za hisa alizitia katika mifuko laini ya plastiki yenye harufu kali, na nilipoichomoa moja niliona maandishi yake yamebaki upande wa ndani wa mfuko. Barua alizishikanisha kwa vibanio vya chuma ambavyo vimepata kutu. Magazeti yanakatika kwenye mikunjo kama majani makavu. Barua moja, ambayo naamini aliithamini kuliko zote, ilichanika ikaungwa kwa selotepu, na sasa selotepu hiyo imekuwa ya manjano na kuacha doa lililopenya hadi upande wa nyuma.

Rafiki mmoja amenishauri nizipeleke zote zikapigwe laminesheni. Mwingine anasema ninunue sefu isiyoungua, nizifungie humo, nami nilale usingizi. Sina fedha nyingi za kutumia. Ningependa kujua lipi litangulie na lipi lisubiri, kwa sababu naogopa kuzidhuru kwa mikono yangu mwenyewe.

Mtunza Ghala

Pole kwa msiba, ndugu yangu, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kutenda. Nimefanya kazi katika ghala la kumbukumbu kwa muda mrefu, na naweza kusema kwamba sehemu kubwa ya uharibifu tunaohangaika nao ilitokana na watu waliokuwa wakijaribu kuziokoa hati zao. Ndiyo maana naanza na laminesheni: usiifanye hata kwa karatasi moja. Mashine ile huyeyusha gundi kwa joto na kuizamisha katika nyuzi za karatasi, na ikishapoa huna njia salama ya kuitenganisha ukiwa nyumbani. Asidi iliyokuwamo hubaki humo humo ikiendelea na kazi yake, na thamani ya hati mbele ya mkusanyaji mwingine hushuka siku hiyo hiyo.

Pengine umejiuliza kwa nini gazeti linakatika ilhali barua yenye umri mkubwa zaidi bado inakunjika bila shida. Zamani karatasi ilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani, yenye nyuzi ndefu za selulosi. Mwaka 1807 Mjerumani Moritz Friedrich Illig alichapisha njia ya kuchanganya utomvu wa msonobari na shabu katika rojo la karatasi ili wino usisambae, na shabu hiyo ndiyo iliyoleta asidi ndani ya karatasi. Kisha, mwaka 1844, Friedrich Gottlob Keller alipata namna ya kusaga mbao zikawa rojo, na karatasi ikawa rahisi na tele, lakini ikabeba lignini yote ya mti, yaani kile kitu kinachoshikamanisha nyuzi za mbao. Lignini hugeuka manjano na kahawia inapokutana na mwanga na hewa, na asidi hukatakata minyororo ya selulosi mpaka karatasi inakosa nguvu ya kukunjika. Gazeti lina balaa zote mbili kwa pamoja.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba asidi huhama. Ukiweka kipande cha gazeti ndani ya kitabu kizuri, baada ya miaka utakuta kivuli cha kahawia chenye umbo la kipande hicho katika kurasa mbili zilizokigusa. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza, ambayo haigharimu chochote, ni kutenganisha: magazeti yakae peke yake, mbali na barua na bahasha, na hati zote zitoke katika ile mifuko yenye harufu. Mifuko hiyo bila shaka ni ya PVC. Plastiki hiyo hulainishwa kwa kemikali zinazotoka nje kadiri inavyozeeka, na kemikali hizo ndizo zilizoyavuta maandishi ya hati yako. Yenyewe pia huweza kutoa asidi ya haidrokloriki. Plastiki zinazoaminika kwa kazi hii ni poliesta, polipropilini na polithini, mradi zisiwe zimepakwa kitu chochote juu yake.

Kwa barua na magazeti, hata hivyo, mimi napendelea majalada ya karatasi ndani ya kasha la karatasi ngumu. Usiridhike na maneno «haina asidi» peke yake, maana karatasi inaweza kutoka kiwandani ikiwa haina asidi na kuizalisha baadaye kutokana na lignini iliyomo. Tafuta karatasi isiyo na lignini pia, au iliyotengenezwa kwa kufuata kiwango cha kimataifa cha ISO 9706 cha mwaka 1994, kinachodai akiba ya alkali inayolingana na angalau asilimia 2 ya kalsiamu kaboneti. Akiba hiyo huimeza asidi inapozaliwa, kwa hiyo karatasi moja ya namna hii ikiwekwa kati ya kurasa za gazeti huyapunguzia kasi ya kuoza, ingawa haitayarudishia weupe wake.

Vitu viwili katika makasha yako vinataka uangalizi wa peke yake. Wino wa kahawia katika barua huenda ni ule uliotengenezwa kwa kuchanganya chumvi ya chuma na tanini ya mimea. Ulipoandikiwa ulikuwa mweusi, na kwa miaka mingi umegeuka rangi. Mahali ulipokolea unaweza kuila karatasi hadi herufi zikadondoka zikiacha matundu. Usiuguse kwa kitambaa chenye maji wala usijaribu kunyoosha barua hizo kwa mvuke, kwa sababu unyevu huisambaza chuma hadi sehemu ambazo bado ni nzima. Kisha ule mchoro wa buluu. Hiyo ni njia aliyoibuni John Herschel mwaka 1842, na rangi yake hufifia ikigusana na alkali. Kwa hiyo karatasi ile ile ninayokusifia kwa magazeti ni adui wa mchoro huo. Uwekee karatasi isiyo na asidi wala akiba ya alkali. Ukikuta umefifia kwa sababu ya mwanga, uweke gizani, maana buluu yake hurejea kwa kiasi.

Mkusanya Hisa

Nakubaliana na Mtunza Ghala kwa yote isipokuwa moja. Mimi nimetia mkusanyiko wangu wote katika mifuko ya poliesta, hati za hisa na barua pia, na miaka inapita bila tatizo. Kila anayetaka kutazama anaona pande mbili bila kuigusa karatasi, na karatasi iliyochanika inashikiliwa bila gundi yoyote. Kwa mtu anayeonyesha hati zake mara kwa mara, sioni sababu ya kuzificha katika majalada.

Kuhusu sefu, niliwahi kuifuata njia hiyo. Nilifungia hati zangu nzuri kuliko zote katika sefu ya kuzuia moto, nikaiacha kwa miezi saba bila kuifungua. Nilipofungua nilipokewa na harufu ya uvundo, na hati tatu zilikuwa na vidoa vya kijivu vyenye manyoya. Baadaye nikaelewa sababu: kuta za sefu nyingi za namna hiyo hujazwa kitu chenye maji ndani yake, ili moto ukija maji yageuke mvuke na kupooza ndani. Maji hayo hayasubiri moto. Kidogo kidogo huongeza unyevu katika sefu iliyofungwa vizuri. Ukiwa nayo, basi weka vifuko vya silika vya kufyonza unyevu, weka na kipimaunyevu, na uifungue kila baada ya siku chache. Mimi nimehamia kabati la chuma lililopakwa rangi ya unga iliyookwa kiwandani, nikaachana na la mbao, kwa kuwa mbao, hasa za mwaloni, hutoa mvuke wenye asidi.

Mtunza Ghala

Ndugu Mkusanya Hisa, poliesta ni nzuri kwa hati zilizochapwa na zilizo imara, wala sikupingi hapo. Ila ina umeme tuli unaoweza kuinua penseli, mkaa na rangi za chaki kutoka kwenye karatasi, na kwa wino unaochubuka vilevile si salama. Tena karatasi yenye asidi ikifungiwa pande zote nne ndani ya poliesta hubaki na mvuke wake yenyewe, na kuna hati ambazo huzeeka haraka zaidi humo kuliko zikiwa wazi. Acha walau pande mbili bila kuzibwa, na nyuma ya hati weka karatasi yenye akiba ya alkali. Kuhusu sefu nakuunga mkono kabisa.

Mrithi wa Makasha

Nawashukuru sana. Jana nilitenganisha magazeti na nikachomoa hati zote za hisa katika ile mifuko. Mbili zimeshikamana na plastiki nami nimeziacha kama zilivyo. Nimebaki na maswali kadhaa. Je, nivae glavu za pamba kama ninavyoona katika picha za makumbusho? Vibanio vyenye kutu nivitoeje bila kurarua? Selotepu naweza kuilainisha kwa pasi au kwa mashine ya kukaushia nywele? Na katika kasha la tatu nimeona wadudu wadogo wa rangi ya fedha, wasio na mabawa, wanaokimbia upesi mwanga unapowaangukia, pamoja na karatasi zilizolika pembeni.

Mtunza Ghala

Ulifanya vizuri kuziacha zile mbili. Mtu akizivuta kwa nguvu atabaki na plastiki iliyoandikwa na karatasi tupu.

Glavu za pamba ni nzuri kwenye picha. Kwa karatasi hukuondolea hisia ya vidole, unashindwa kujua kama umeshika ukurasa mmoja au miwili, na nyuzi zake hunasa katika pembe zilizochanika. Nawa mikono kwa sabuni, ikaushe vizuri kabisa, usipake mafuta, na ufanyie kazi juu ya meza safi isiyo na kinywaji wala kalamu ya wino. Glavu, na hizo ziwe za mpira wa naitrili, ziweke kwa ajili ya picha za kamera na kwa karatasi zenye kuvu.

Kibanio kisivutwe. Chukua vipande viwili vyembamba vya poliesta, ingiza kimoja kati ya kibanio na karatasi upande wa mbele, na kingine upande wa nyuma, ili chuma kisikwaruze. Kisha, ukiwa umelaza vyote mezani, panua kibanio chenyewe mpaka kifunguke, uiondoe karatasi bila kuiburuza. Alama ya kutu itabaki. Iache ibaki, na utakapotaka kuweka barua hizo pamoja tena, zitie katika jalada moja la karatasi.

Kwa selotepu, joto ni hatari zaidi kuliko unavyodhani. Tepu ina tabaka mbili, utando wa juu na gundi, na gundi inapozeeka hutiririka ndani ya nyuzi na kuzifanya ziwe kama karatasi iliyolowa mafuta. Doa ulilolikuta upande wa nyuma ni hilo. Ukitia pasi utaiyeyusha gundi iingie ndani zaidi; ukitumia petroli au kiyeyushi kingine, doa litaenea na wino unaweza kwenda nalo. Barua hii ni ya kupeleka kwa fundi wa kuhifadhi karatasi, na kwa kuwa umesema ni ya thamani kuliko zote, hapa ndipo ningetumia fedha chache ulizo nazo. Yeye atatoa tepu kwa zana zake, kisha ataunga mpasuko kwa karatasi nyembamba ya Kijapani, inayotengenezwa kwa nyuzi za mforosadi, na uji wa wanga wa ngano, ambao huondoka kwa maji iwapo kuna haja. Kabla ya siku hiyo, ilaze barua katika jalada lake na usiongeze kitu.

Wadudu hao hula wanga, gundi na uso wa karatasi, na hustawi penye unyevu. Litie kasha zima, au vilivyomo, katika mfuko mzito wa polithini, toa hewa kadiri uwezavyo, ufunge barabara, kisha uweke ndani ya friza. Ghalani tunatumia friza zinazofika nyuzi 20 chini ya sifuri au baridi zaidi kwa angalau wiki moja. Friza ya nyumbani huzunguka nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa hiyo mimi ningesubiri wiki mbili. Utakapotoa, usifungue mfuko mpaka vilivyomo virudi kwenye joto la chumba, jambo linaloweza kuchukua siku nzima, ili umande ugande nje ya mfuko na usilowanishe karatasi. Usifanye hivyo kwa hati za ngozi, zenye lakiri, wala picha za kioo. Na naftalini tafadhali usiitumie: mvuke wake si mzuri kwako, wala hautaziba mlango walioingilia.

Msomaji wa Ramani

Mimi naongezea habari za mahali pa kuweka, kwa sababu kasha zuri katika chumba kibaya halisaidii sana. Nunua kipimaunyevu kidogo kabla ya kununua kitu kingine chochote. Unyevu wa hewa ukikaa kati ya asilimia 35 na 50, na joto lisizidi nyuzi 21, karatasi itakuwa na raha; ukipita asilimia 65 kwa siku nyingi, kuvu huanza kuota; ukishuka sana chini ya asilimia 30, karatasi hukauka na kukatika. Kama huwezi kupata viwango hivyo, jitahidi angalau visipande na kushuka kila siku, kwa kuwa karatasi hutanuka na kusinyaa pamoja na hewa, na wino uliokauka juu yake haufuati mwendo huo.

Chini ya paa kuna joto, na sakafuni kuna maji siku bomba likipasuka. Chagua kabati lililo katikati ya nyumba, lisiloegemea ukuta wa nje, na rafu ya chini iwe imeinuka walau sentimita 10 kutoka sakafuni. Ukitaka kutundika hati ukutani, tundika nakala yake. Mwanga hauna msamaha wala mapumziko: saa moja ya leo hujumlishwa na saa zote zilizopita, na kioo chenye kuzuia miale ya urujuanimno hupunguza kasi tu.

Kuhusu maji, sitasahau usiku ambao tangi la juu lilifurika nyumbani kwangu. Nilikuwa na ramani na majarida ya karatasi yenye kung'aa. Ramani nilizilaza moja moja juu ya karatasi za kufyonza maji, nikawasha feni isiyozielekea moja kwa moja, zikapona. Majarida niliyaacha yakauke kwanza nipate kuyashughulikia baadaye, nayo yakagandamana yakawa kama tofali, kwa sababu ule mng'ao ni udongo laini na gundi vilivyopakwa juu ya karatasi. Ningeyafunga katika mifuko yakiwa bado mabichi na kuyatia katika friza, ningepata nafasi ya kuyafungua taratibu kwa msaada wa fundi. Kuvu huweza kuanza baada ya saa 48 hivi, na baridi huisimamisha saa hiyo. Mafuriko ya mto Arno yaliyoizamisha Florence tarehe 4 Novemba 1966 yaliloanisha vitabu na nyaraka nyingi mno, na mengi yanayojulikana leo kuhusu karatasi zilizolowa yalifunzwa katika kazi ya kuziokoa.

Jambo la mwisho, skani kila kitu kabla hujaanza kuzishika hati mara kwa mara. Alama 300 kwa inchi zinatosha kwa maandishi ya kawaida; kwa stempu, ramani na michoro nenda hadi 600. Hifadhi nakala katika sehemu zaidi ya moja, na mojawapo isiwe ndani ya nyumba hiyo hiyo.

Mrithi wa Makasha

Nimenunua kipimaunyevu, na chumba nilichokuwa nimekichagua kinasoma asilimia 68 kila asubuhi, kwa hiyo makasha yamehamia kabati la ukumbini, ambako kinasoma 52. Kasha la tatu liko ndani ya friza. Limebaki suala la ramani mbili: zimeviringishwa kwa muda mrefu kiasi kwamba nikijaribu kufungua kipande cha kwanza nasikia sauti ya kukwaruza.

Msomaji wa Ramani

Ukisikia sauti hiyo, simama papo hapo. Nyuzi zimekauka katika umbo la duara, na ukilazimisha zitapasuka kwa mstari mrefu. Fundi huziweka katika chombo kilichofungwa chenye hewa ya unyevu, karatasi isigusane na maji, mpaka zilegee, kisha huzikausha kati ya karatasi za kufyonza chini ya uzito mwepesi. Mimi nisingeanza kujifunza kwa ramani ya mjomba, hasa kama imetiwa rangi kwa mkono. Kwa sasa zungushia kila moja karatasi safi isiyo na asidi, uilaze ndani ya kasha refu bila kuifunga kwa mpira wala kamba. Siku utakayompelekea fundi barua yenye selotepu, zichukue na hizo.